Daktari mmoja, upasuaji mmoja, nyoyo mbili: je, hulka ya mgonjwa ndiyo inayoamua ustawi wake baada ya kujengewa matiti upya?

#1 Mtoto wa Kati

Salaam kwenu.

Ninawafahamu kwa karibu wanawake wawili walioondolewa matiti yote mawili na kujengewa mengine kwa vipandikizi vya silikoni. Daktari wao alikuwa mmoja, njia ya upasuaji ilikuwa moja, na yeyote atakayewatazama wakiwa wamevaa hataona tofauti ya maana kati yao. Hata wauguzi waliowafungua bendeji walisema kwamba kazi zote mbili zimetoka vizuri. Hata hivyo mmoja amerudi katika maisha yake kana kwamba alikwenda kung'oa jino, na mwingine, mwaka mmoja na nusu baadaye, bado anabadilisha nguo akiwa amezima taa.

Hoja yangu ni kwamba kisu cha daktari hakiwezi kuieleza tofauti hiyo, na kwamba kinachoieleza ni hulka ambayo kila mmoja wao aliingia nayo katika chumba cha upasuaji. Wa kwanza ni mtu wa kucheka na kusahau. Wa pili, tangu utotoni, ni mtu wa kurudi mara mbili kuhakikisha kwamba mlango umefungwa. Je, si busara hospitali zikaipima haiba ya mgonjwa kabla ya kumpasua, kama zinavyompima damu na shinikizo?

#2 Zamu ya Usiku

Ahsante kwa mada, ila siikubali hoja kama ulivyoiweka. Nimekuwa muuguzi katika wodi ya upasuaji kwa miaka 17, na ninapokaa na mgonjwa usiku, saa ambazo wageni wameondoka na dawa ya usingizi imekwisha, ninachokisikia mara nyingi zaidi ni mshangao. Hakuambiwa, au aliambiwa siku ambayo masikio yake yalikuwa yamezibwa na neno saratani, kwamba titi linalojengwa halirudishi hisia za lile lililoondoka. Kwamba ngozi iliyo juu yake inaweza kubaki na ganzi kwa miaka, au isirudi kabisa. Kwamba silikoni hukawia kupata joto, hivyo mtu akitoka kwenye maji baridi hujihisi amebeba kitu kigeni kifuani. Kwamba chuchu, ikiwa haikuhifadhiwa, hutengenezwa baadaye kwa ngozi au huchorwa kwa wino.

Anayeingia akitarajia kurudishiwa mali yake hutoka akiwa na kinyongo, hata mshono uwe mzuri namna gani. Anayeingia akijua kwamba anapewa umbo tu, hutoka na alichokifuata. Kabla ya kuwapima haiba, ningetaka kujua kila mmoja wao alielezwa nini, lini, na mara ngapi.

#3 Kovu Langu

Mtoto wa Kati, nisamehe nikisema kwamba uzi huu umenichoma. Mimi nilijengewa titi la kushoto. Walinianzishia mfuko wa kupanulia ngozi, ule unaojazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa sindano kila unaporudi kliniki, na katika wiki ya tano ukapata maambukizi. Uliondolewa. Nikakaa miezi minane nikiwa na upande mmoja bapa na upande mmoja uliojaa, nikishona pedi ndani ya sidiria mwenyewe, kabla ya kuanza upya.

Kama mtu angenipa dodoso la haiba katika miezi hiyo, ningeonekana mwanamke mwenye huzuni, mwenye hasira na asiyeamini watu. Je, hiyo ingekuwa hulka yangu, au ingekuwa usaha uliokuwa umenitoka kifuani? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nina hofu kwamba kipimo unachokipendekeza kitageuka kuwa njia ya kumwambia mgonjwa kwamba kazi ilikwenda sawasawa na kasoro ni yeye.

#4 Mzee wa Maktaba

Hofu ya Kovu Langu ni ya haki, lakini tusiitupe hoja nzima kwa sababu inaweza kutumiwa vibaya.

Wanasaikolojia wengi huigawa haiba katika mafungu makuu 5: uwazi wa fikra, uangalifu, uchangamfu, upole, na mwelekeo wa kuhangaika. Fungu hilo la mwisho ndilo linalohusika zaidi hapa, kwa kuwa mtu mwenye kiwango kikubwa cha kuhangaika huelekea kueleza maumivu zaidi, usingizi mbaya zaidi na hofu zaidi baada ya upasuaji wa namna nyingi, si wa matiti peke yake. Nje ya mafungu hayo kuna mazoea ya kutarajia mema, ambayo Michael Scheier na Charles Carver walichapisha dodoso lake mwaka 1985. Mwaka 1993 Carver na wenzake walitoa utafiti uliowafuata wanawake wenye saratani ya matiti ya hatua za mwanzo kuanzia siku moja kabla ya upasuaji hadi mwaka mmoja baadaye. Waliokuwa na matumaini zaidi tangu mwanzo walipata dhiki kidogo zaidi, na sehemu ya sababu ilikuwa kwamba waliikubali hali yao na hata kuifanyia mzaha, ilhali wenzao wasio na matumaini walielekea kuikana au kujikatia tamaa.

Kuna pia kinachoitwa haiba ya aina D, kilichobuniwa na mwanasaikolojia Johan Denollet wa Ubelgiji kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Huyo ni mtu mwenye hisia nzito ambaye papo hapo huzifungia moyoni mbele ya watu. Nadhani yule mwanamke wa taa angepata alama za juu katika kipimo hicho.

#5 Hesabu Kwanza

Mzee wa Maktaba, sahihisho dogo: Denollet aliibuni haiba ya aina D akiwachunguza wagonjwa wa moyo, si wa saratani. Dodoso lake fupi la mwaka 2005 lina sentensi 14, nusu zikipima hisia nzito na nusu zikipima kujizuia mbele ya watu, na lilivutwa kuingia katika maradhi mengine baadaye.

Shida yangu kubwa lakini iko katika namna ustawi wenyewe unavyopimwa. Chombo kinachotumika zaidi katika upasuaji huu ni BREAST-Q, kilichochapishwa mwaka 2009 na Andrea Pusic, Anne Klassen na wenzao. Hakitoi alama moja ya jumla; kila kipengele, yaani kuridhika na matiti, ustawi wa nafsi, ustawi wa kifua kimwili, ustawi wa tendo la ndoa na vinginevyo, kina alama zake kuanzia 0 hadi 100. Ni chombo kizuri kwa sababu kinamsikiliza mgonjwa badala ya kusikiliza daktari anavyoisifu kazi yake.

Sasa angalia kinachotokea. Mtu anajaza dodoso la haiba, anakiri kwamba hujiona duni na huwa na wasiwasi. Kisha mkono ule ule, kwa kalamu ile ile, unajaza dodoso la ustawi na kukiri kwamba hajiamini na ana wasiwasi. Tunapiga hesabu, tunaona vitu viwili vinakwenda pamoja, tunatangaza kwamba haiba imesababisha ustawi duni. Huenda tumeuliza swali moja mara mbili.

#6 Msomaji Kimya

Huwa sichangii, ila naomba kuuliza kwa niaba ya sisi tunaorudi mlangoni mara tatu: je, sisi tutalazwa, au tutarudishwa nyumbani moja kwa moja?

#7 Mtoto wa Kati

Msomaji Kimya, umenichekesha. Kovu Langu, pole sana, na sikukusudia lawama kwa mgonjwa yeyote. Hesabu Kwanza, nimekuelewa, lakini mimi sikutumia dodoso. Nimewatazama kwa macho yangu kwa miaka mingi kabla ya ugonjwa, kwa hiyo ninajua kwamba tabia ilitangulia.

#8 Mfasiri

Samahani kwa kuchepuka. Mtoa mada anachanganya hulka, haiba na tabia, na hapa mchanganyiko huo una madhara. Hulka ni maumbile ya mtu ya ndani, mazoea ya nafsi asiyoyachagua. Haiba, kabla ya kukopwa na wanasaikolojia, ilikuwa ni ile heshima na mvuto ambao watu wanauona kwa mtu, na hadi leo mtu akisema fulani ana haiba hamaanishi kwamba fulani ana mafungu matano. Tabia ni yale anayoyatenda, nayo hubadilika. Kuzima taa ni tabia. Kusema kwamba ni hulka tayari ni kutoa hukumu.

#9 Mzee wa Maktaba

Hesabu Kwanza, nakubali kosa la Denollet. Nilikisoma zamani na kumbukumbu imenichezea. Mfasiri, kamusi yako ina haiba.

#10 Nusu Mkasi

Ninafanya kazi katika chumba cha upasuaji, nikimpa daktari vifaa, na ninashangaa kwamba tumefika bandiko la kumi bila mtu kuitaja aina ya upasuaji. Kujengewa kwa kipandikizi na kujengewa kwa nyama ya mwili wako mwenyewe ni safari mbili tofauti. Kipandikizi huingia kwa saa chache, lakini mwili hukizungushia utando wa kovu ambao kwa baadhi ya wanawake hukaza, hugeuza umbo na huuma, na hatari hiyo huongezeka sana kifua kikipigwa mionzi. Nyama ya tumbo, ambayo ilianza kutumika katika miaka ya 1990, huchukua saa nyingi mezani, mishipa midogo ya damu ikiunganishwa kwa darubini, na siku za mwanzo wauguzi huichungulia rangi na joto lake saa baada ya saa kwa kuwa mshipa ukiziba kazi yote inaweza kufa. Ikishika, ni nyama hai: hunenepa ukinenepa, hupata joto, hulala chini unapolala.

Upo utafiti mkubwa wa hospitali 11 za Marekani na Kanada, uliochapishwa mwaka 2018, uliolinganisha njia hizi miaka 2 baada ya upasuaji kwa kutumia hilo dodoso alilolitaja Hesabu Kwanza. Waliotumia nyama yao waliridhika zaidi na matiti yao, na ustawi wao wa nafsi na wa tendo la ndoa ulikuwa juu zaidi kuliko wa wenye vipandikizi. Hiyo si hulka. Hiyo ni nyama.

#11 Mzee wa Maktaba

Safari hii nami nisahihishe. Nyama ya tumbo haikusubiri miaka ya 1990. Carl Hartrampf na wenzake waliieleza mwaka 1982, ila njia yao ilihamisha pia msuli wa tumbo. Kilichokuja katika miaka ya 1990 ni kuchukua ngozi na mafuta pamoja na mishipa yake na kuuacha msuli mahali pake.

#12 Kovu Langu

Nusu Mkasi, awamu yangu ya pili ndiyo ilikuwa ya tumbo, kwa hiyo niongeze upande ambao hauonekani kutoka mezani. Titi langu nalipenda. Tumbo langu lina kovu kutoka nyonga hadi nyonga, nilitembea nimeinama kwa wiki tatu, na hadi leo nikikohoa ghafla naweka mkono. Ukiniuliza kuhusu titi utapata alama nyingi. Ukiniuliza kuhusu tumbo utapata jibu jingine. Tena hatukugawiwa njia hizi kwa kura. Mimi nilichagua tumbo kwa sababu sikutaka tena kitu cha kigeni mwilini. Mwingine huchagua kipandikizi kwa sababu ana watoto wadogo na hawezi kulala hospitalini muda mrefu. Hao watu wawili hawakuwa sawa hata kabla ya kuvuliwa nguo.

#13 Hesabu Kwanza

Kovu Langu ameusema udhaifu wa utafiti ule vizuri kuliko ambavyo ningeusema mimi: hakukuwa na kura, watafiti walizirekebisha kwa hesabu zile tofauti kati ya wagonjwa walizozijua, na zisizojulikana zikabaki.

Mtoto wa Kati, nina swali ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzoni. Uliandika kwamba wanawake wako wawili waliondolewa matiti yote mawili. Saratani huanza mara nyingi upande mmoja. Je, wote wawili walikuwa na saratani, na pande zote mbili?

#14 Bwana wa Pili

Wakati tukisubiri jibu, niseme kama mume. Mke wangu alipotoka hospitalini nilikuwa nikigeuza uso anapobadilisha nguo. Nilidhani ninampa heshima. Yeye alidhani ninaona kinyaa. Tuliishi hivyo kwa miezi saba, kila mmoja akimhurumia mwenzake kimya kimya, hadi siku moja mrija wa bafuni ulipopasuka, tukajikuta wote wawili tumelowa na tunacheka, na hakuna aliyekumbuka kugeuza uso. Ningemjazia mimi lile dodoso kabla ya siku hiyo, ningesema ana hulka ya kujifungia. Mlango alikuwa ameufunga nani?

#15 Mtoto wa Kati

Nitamjibu Hesabu Kwanza, na naona nitagombezwa.

Hao wanawake ni dada zangu wa tumbo moja. Mkubwa, mwenye miaka 46, alikuwa na saratani ndogo upande wa kulia, na alipopimwa akakutwa amebeba mabadiliko ya jeni ya BRCA1, ndipo akashauriana na daktari na kuondoa pande zote mbili. Hakuhitaji mionzi. Mdogo, mwenye miaka 39, alipimwa baada yake, akakutwa na mabadiliko yale yale, akaamua kuondoa matiti yake kabla ugonjwa haujaja. Yeye hakuwahi kuugua. Mkubwa ndiye anayecheka. Mdogo ndiye wa taa.

#16 Msomaji Kimya

Mama yangu wee. Umetuuliza tutegue kitendawili huku nusu ya kitendawili umeikalia.

#17 Zamu ya Usiku

Sikugombezi, lakini jambo ulilolificha ndilo lingekuwa la kwanza kuandikwa kwenye faili. Dada yako mkubwa anaupima mwili wake wa leo dhidi ya kifo. Kila asubuhi akiamka, mizani inamwonyesha faida. Mdogo wako anaupima mwili wake wa leo dhidi ya mwili wake wa jana, uliokuwa mzima, usiouma, wenye hisia zake zote. Hatari aliyoikimbia ilikuwa kubwa, kwa kuwa zaidi ya 60 kati ya kila wanawake 100 wenye mabadiliko hayo hupata saratani ya matiti katika maisha yao, na upasuaji wa kinga huipunguza hatari hiyo kwa takriban asilimia 90 au zaidi. Lakini saratani ambayo haikuja haionekani. Hana picha ya uvimbe ya kuonyesha, wala hana siku ya kushangilia kwamba dawa zimekwisha. Wanaokuja kumtazama humwambia kwamba ana bahati, na mtu aliyeambiwa ana bahati ataanzaje kulia mbele yao?

Watu wa Mayo Clinic walichapisha mwaka 2000 matokeo ya wanawake waliofanyiwa upasuaji wa kinga miaka mingi nyuma. Asilimia 70 walikuwa wameridhika, asilimia 19 hawakuridhika, na asilimia 74 walisema kwamba hofu yao ya saratani imepungua. Mtu anaweza kupungukiwa na hofu na bado akachukia kioo.

#18 Mzee wa Maktaba

Maelezo ya Zamu ya Usiku ni mazuri kiasi kwamba yanataka kuumaliza uzi, kwa hiyo niyatie mchanga. Nani huchagua upasuaji wa kinga? Kwa mwenye jeni hiyo upo uamuzi mwingine halali, nao ni kuchunguzwa kwa karibu kila mwaka kwa picha za matiti na mashine ya sumaku. Anayeweza kuishi na uchunguzi wa kila mwaka huku akilala usingizi, huenda akauchagua. Anayerudi mlangoni mara mbili hawezi. Kwa hiyo hulka haikumharibia mdogo wako matokeo yake peke yake. Inawezekana kwamba hulka ndiyo iliyompeleka mezani, na mezani ikakuta mwili usiokuwa na ugonjwa wa kuulinganisha na chochote. Hapo Mtoto wa Kati yuko sahihi, ila kwa njia ambayo hakuikusudia.

#19 Mtoto wa Kati

Nimelisoma bandiko hilo mara tatu na bado sijui kama nimesifiwa au nimepigwa.

#20 Kifua Bapa

Naingia kama mtu ambaye hakujengewa chochote. Nilikataa. Nilimwomba daktari aondoe ngozi ya ziada na kukiacha kifua kikiwa laini na bapa, na ilinibidi niombe mara tatu kwa kuwa aliendelea kunionyesha picha za vipandikizi kana kwamba sikuwa nimezungumza. Tangu mwaka 2020 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani imeuweka ufungaji huo wa kifua bapa katika kamusi yake ya maneno ya saratani, jambo linaloonekana dogo hadi siku unapohitaji neno la kuandikiwa kwenye fomu.

Ninachotaka kusema ni kwamba mjadala wote huu unachukulia kuwa titi ndilo mlango wa ustawi. Diana Harcourt na wenzake nchini Uingereza walichapisha mwaka 2003 utafiti uliowafuata kwa mwaka mmoja wanawake waliokatwa titi, wengine wakijengewa papo hapo, wengine wakipanga kujengewa baadaye, wengine bila kujengewa. Dhiki ilipungua katika makundi yote. Kujengewa hakukuwa dawa ya kila kitu, na kutojengewa hakukuwa msiba. Inawezekana kwamba kinachomponya mtu ni muda, pamoja na kujua kwamba uamuzi ulikuwa wake. Yule mdogo aliamua mwenyewe, au aliamuliwa na meza ya familia iliyokuwa imetoka kuuguza?

#21 Hesabu Kwanza

Kuhusu muda, niongeze tahadhari. Mtu anapopona, kipimo chake cha ndani nacho husogea. Alama 60 za leo na alama 60 za mwaka jana hazina maana moja, kwa sababu aliyekuwa akijilinganisha na wanamitindo sasa anajilinganisha na mgonjwa wa kitanda cha jirani. Kwa hiyo tukiona ustawi umepanda, hatujui kama maisha yamepanda au ni rula iliyofupishwa. Na kwa mtu anayeishi ndani ya mwili huo, sina hakika kwamba tofauti hiyo ina umuhimu wowote.

#22 Kovu Langu

Nimetulia sasa, kwa hiyo naomba niitetee hulka ya wasiwasi, jambo ambalo sikutarajia kulifanya nilipoanza kusoma.

Nilipopata maambukizi, mimi ndiye niliyeona wekundu wa upana wa kidole chini ya mshono, saa kumi usiku, kwa kuwa nilikuwa nikijikagua kwa tochi. Nilikwenda alfajiri. Walipoteza mfuko lakini ngozi waliiokoa, na ngozi hiyo ndiyo iliyofaa baadaye. Mwenzangu tuliyelazwa naye siku moja alikuwa mtu wa kucheka, tena alinifariji sana. Naye alipata wekundu kama wangu, akasema utaisha wenyewe, akaletwa siku ya nne akiwa na homa. Kwenye dodoso la wiki ya kwanza, nina hakika yeye alinishinda kwa ustawi.

Na vipandikizi si vitu vya kudumu maisha yote. Silikoni ya kisasa ikipasuka mara nyingi haitoi dalili, ndiyo maana mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani hupendekeza kipimo cha picha katika mwaka wa 5 au wa 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 au 3. Mwaka 2019 vipandikizi vya Allergan vyenye ganda la kukwaruza viliondolewa sokoni duniani kote kwa sababu ya uhusiano wake na aina adimu ya saratani ya mfumo wa kinga. Siku ile kila mwenye kipandikizi alihitaji kujua cha kwake ni cha aina gani. Mtoto wa Kati, hebu waulize dada zako wote wawili kadi zao za vipandikizi ziko wapi.

#23 Mtoto wa Kati

Nimewauliza.

Mkubwa amecheka na kusema kwamba alipewa karatasi fulani, huenda iko kwenye ule mkoba alioenda nao hospitalini, na mkoba aligawa. Mdogo ana kadi yake, namba ya kila upande ameiandika pia kwenye daftari, na nimegundua kwamba ana nakala ya kadi ya mkubwa, aliyoiomba hospitalini bila mkubwa kujua.

Nikaona nimuulize pia kuhusu taa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa mwaka mmoja na nusu. Amesema makovu hayamsumbui. Anasema mahali palipokuwa na chuchu bado panamwasha, mara nyingi jioni, na akiwasha taa na kuona kwamba hapana kitu pa kukuna, anashindwa kulala. Gizani, anasema, panawasha tu.

#24 Zamu ya Usiku

Hilo lina maelezo ya kimwili. Mishipa ya fahamu iliyokatwa huendelea kutuma habari, na ubongo unaipokea kama vile titi bado lipo, sawa na aliyekatwa mguu anayehisi vidole. Wanawake wengi waliokatwa matiti huhisi hivyo na hawasemi kwa kuogopa kuonekana wamechanganyikiwa. Mwambie alitaje kliniki kwa maneno hayo hayo aliyokwambia wewe, na asikubali kuandikiwa kwamba ana wasiwasi kabla hawajamsikiliza hadi mwisho.

#25 Mzee wa Maktaba

Bado sijakubali kwamba hulka haina sehemu. Wengine wenye muwasho huo huo huwasha taa, hutazama, hulala.

#26 Kifua Bapa

Na wengine huwasha taa wakiwa na mtu wa kuwaambia.

#27 Kovu Langu

Mtoto wa Kati, swali moja, na si lazima ulijibu hapa. Kama mkubwa na mdogo wako wote wamebeba jeni hiyo, na mzazi aliyenayo humpa kila mtoto nafasi ya nusu kwa nusu, wewe uliye katikati umepima?

#28 Mtoto wa Kati

Nilipangiwa tarehe, nikaiahirisha. Nimepangiwa nyingine.

#29 Zamu ya Usiku

Ni lini hiyo nyingine?